Rubani aliyeacha pombe anarudije angani

Swali analoanza nalo rubani mwenye tatizo la pombe ni moja: nikisema, leseni yangu itakuwaje? Wengi hujijibu kimya kimya kwamba ndiyo basi tena, wakafunga mdomo, wakaendelea kuruka. Mke anajua. Mhudumu wa baa anajua. Rubani wa kiti cha kulia anahisi, kwa sababu saa kumi na moja na nusu alfajiri, ndani ya chumba cha marubani kilichofungwa, harufu ya peremende haifuniki kitu. Asiyejua ni daktari wa anga, yule anayewapima marubani afya, na ndiye mwenye kalamu ya kuanza kumrudisha kazini kihalali.

Jibu la swali lile ni kwamba leseni haifi. Kinachosimama ni cheti cha afya cha daraja la kwanza, na bila hicho huwezi kuitumia leseni. Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga, ambacho nchi wanachama wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, hujengea kanuni zao, kinazuia cheti hicho kwa mtu mwenye historia ya utegemezi wa kilevi. Lakini kiambatisho hichohicho kinaacha mlango wazi: mamlaka ya anga ikishauriwa na madaktari wenye utaalamu, ikaridhika kwamba usalama hautayumba, inaweza kutoa cheti chenye masharti. Hapa kwetu Tanzania mamlaka hiyo ni TCAA. Yote yanayofuata hapa chini yanahusu namna ya kujenga jalada litakaloifanya iridhike. Nasema jalada kwa makusudi. Kiapo mbele ya shehe au mchungaji na ahadi kwa wazazi vina kazi kubwa nyumbani, ila mezani kwa daktari wa anga kinachosomwa ni rekodi yenye tarehe.

Njia hii imeshapitiwa na wengi. Marekani walianza mpango wa HIMS mwaka 1974, chama cha marubani cha ALPA, waajiri na mamlaka ya FAA wakikaa meza moja, na maelfu ya marubani wamerudi kazini kupitia kwao. Mfano mgumu kuliko yote ni wa Kapteni Lyle Prouse. Tarehe 8 Machi 1990 yeye na wenzake wawili waliirusha Boeing 727 ya Northwest Airlines kutoka Fargo kwenda Minneapolis wakiwa wamelewa. Alihukumiwa kifungo cha miezi 16 na kunyang'anywa leseni zote. Alizitafuta upya moja baada ya nyingine, akaajiriwa tena na shirika lilelile, akastaafu akiwa kapteni wa Boeing 747. Mwaka 2001 Rais Bill Clinton alimpa msamaha. Nikimtaja yeye, rubani wa Dar ambaye hajawahi hata kukamatwa na trafiki aone kwamba yeye anaanzia pazuri zaidi.

Usisubiri programu yenye jina na ofisi ndipo uanze. HIMS ukiifungua ndani utakuta vipande vinavyoeleweka: daktari wa anga, daktari wa magonjwa ya akili, mwanasaikolojia, maabara, rubani mwenzako na mkuu wa marubani kazini. Kinachoharibu mambo ni vipande hivyo kukosa mtu mmoja wa kuviunganisha. Huyo ateuliwe kwa barua siku ya kwanza, na kila ripoti ipite kwake.

Kabla ya kwenda mbali, tuelewane kilevi ni nini. Tafsiri ya ICAO inabeba pombe, jamii ya afyuni, bangi, dawa za usingizi na za kutuliza, kokeini, vichangamsho vingine, vitu vya kuleta njozi na viyeyusho vya kunusa. Kahawa na tumbaku vimeachwa nje. Kwa hiyo mirungi imo, hata kama rubani aliitafuna Nairobi ambako haikatazwi. Vidonge vya diazepamu vilivyonunuliwa duka la dawa bila cheti cha daktari vimo. Tramadoli imo. Na mtu anayetumia methadoni, dawa ambayo kliniki ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011 kwa waliokuwa wakitumia heroini, yuko kwenye tiba halali na yenye heshima, lakini haruki akiwa anaitumia.

Wengine hudhani hawana tatizo kwa kuwa wanahesabu saa nane kutoka chupa ya mwisho. Tupige hesabu. Mtu aliyemaliza chupa saa tatu na nusu usiku, na saa sita usiku bado ana asilimia 0.12 ya pombe kwenye damu, mwili ukiondoa kama 0.015 kwa saa, saa kumi na moja na nusu alfajiri atakuwa ameondoa 0.0825. Amebaki na karibu 0.038. Huyo yuko chini kidogo ya kikomo cha Marekani cha 0.04, na ni karibu mara mbili ya kikomo cha Ulaya cha 0.02. Ratiba ya ndege ya kwanza ya asubuhi haijali alijisikia mzima. Na kama ilibidi azimue ndipo mikono itulie, hapo suala la kuhesabu saa limeshapita. Huo ni utegemezi na unahitaji tiba.

Sasa kuacha kwenyewe. Mtu anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa amejifungia chumbani kwake. Degedege la kuacha pombe hutokea kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho, na kuweweseka kwa hatari, ambako mtu huona visivyokuwepo huku mapigo na joto vikipanda, hufuata kati ya siku ya pili na ya nne. Watu hufa kwa hilo. Arosto ya heroini inatesa kuliko inavyoua. Ya pombe na ya vidonge vya kutuliza inaua. Kwa hiyo siku za mwanzo ziwe hospitali, chini ya daktari anayejua kupunguza dawa hatua kwa hatua, na thiamini itangulie kabla ya dripu ya glukosi. Rubani mmoja au wawili wamezoea kwenda kwa rafiki mwenye zahanati atundikiwe dripu kimya kimya. Hiyo inaficha tatizo na kuongeza hatari.

Baada ya hapo huja tiba ya kukaa ndani, kawaida siku 28 au zaidi, kisha vikao vya kikundi kila wiki na mikutano ya hatua 12, kama ya AA (Alcoholics Anonymous), ambako waliokuwa walevi husaidiana kuacha. Desturi ya AA ni mikutano 90 kwa siku 90. Kwa Dar hesabu hii huangushwa na foleni kuliko kukosa nia: anayekaa Ukonga asijipangie mkutano wa Masaki saa kumi na mbili jioni. Achague ulio karibu na njia yake, au wa simu, na kila mahudhurio yaandikwe siku hiyohiyo.

Jambo moja lililowagharimu watu muda mwingi ni kukimbilia vipimo vya akili mapema. Mwanasaikolojia hupima kumbukumbu, umakini, kasi ya kuamua na uwezo wa kufanya mambo mawili kwa pamoja. Kipimo kinachotumika sana kwa marubani ni CogScreen. Ubongo uliotoka kwenye pombe huchukua wiki hata miezi kurudi kwenye kasi yake, na usingizi huchelewa kutulia. Ukimpima wiki ya tatu, anaweza kufeli, na matokeo mabaya yatabaki kwenye jalada milele yakidai maelezo. Subiri miezi miwili au mitatu ya kukaa bila kilevi, na mpime baada ya usiku aliolala vizuri.

Vipimo vya kilevi ndio moyo wa ufuatiliaji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona heshima za watu zikipotea kwa uzembe wa kuchukua sampuli.

Cha kwanza ni damu ya PEth, mafuta ambayo mwili huyatengeneza kwenye utando wa chembe nyekundu pale tu ethanoli, yaani pombe yenyewe, inapokuwepo. Chini ya nanogramu 20 kwa mililita kunaendana na kutokunywa. Juu ya 200 ni unywaji mkubwa. Kipimo cha kwanza kichukuliwe siku ya kwanza ya tiba, hata kama kitatia aibu. Sababu ni hii: PEth hupungua nusu kwa takriban siku 4 hadi 10. Tuseme inapungua nusu kila wiki. Aliyeingia na 1,200 atakuwa na 75 baada ya wiki nne, na atashuka chini ya 20 kwenye wiki ya sita. Asipokuwa na ile 1,200 kwenye karatasi, hiyo 75 itasomwa kama ushahidi kwamba alikunywa wodini. Akiwa nayo, 75 ni habari njema kabisa.

PEth inaweza kuchukuliwa kwa matone ya damu ya kidole kwenye kadi maalumu, ambayo husafirishwa kwa bahasha hadi maabara yenye ithibati bila barafu. Hapo joto na unyevu wa Dar huingilia. Kadi ikae wazi mahali pakavu saa tatu au zaidi, isipulizwe kwa mdomo wala kuanikwa juani, kisha iingie kwenye mfuko wenye vijipakiti vya kukausha. Na muuguzi asifute kidole kwa pamba ya spiriti. PEth inaweza kuendelea kutengenezwa ndani ya sampuli yenyewe ethanoli ikiingia. Atumie kisafishaji kisicho na pombe, na aandike kwenye fomu alichotumia.

Cha pili ni mkojo wa EtG pamoja na EtS, mabaki ya pombe yanayoonekana hadi siku tatu hivi. Viombwe vyote viwili. EtG peke yake inaweza kuharibiwa au kuzalishwa na bakteria wa maambukizi ya mkojo. EtS haisumbuliwi hivyo. Mwaka 2006 taasisi ya Marekani inayosimamia tiba ya uraibu, SAMHSA, ilionya kwamba EtG isitumike peke yake kama ushahidi wa kumwadhibu mtu, maana kikomo cha nanogramu 100 kinanasa hata dawa ya kusukutua kinywa na vitakasa mikono. Kikomo cha 500 kinapunguza makosa hayo. Rubani aliye kwenye ufuatiliaji atumie sabuni na maji badala ya vitakasa, asukutue kwa maji ya chumvi, na asome chupa ya dawa ya kikohozi kabla ya kuinywa. Togwa iliyolala siku mbili aiache. Mbege ya msibani aipitishe tu kwa mwenzake bila kuonja. Mkristo ambaye kanisani kwake kikombe cha divai hupita, amweleze mchungaji mapema apokee mkate tu. Wachungaji wengi huelewa haraka kuliko tunavyodhani.

Tazama sampuli ya mkojo inavyochukuliwa sawasawa. Rubani anaonyesha kitambulisho, anatoa kila kitu mfukoni, ananawa mikono. Maji ya choo yametiwa rangi ya bluu. Anatoa mililita 45 au zaidi, na ndani ya dakika nne mkusanyaji anasoma utepe wa joto ubavuni mwa kikombe: uonyeshe kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Mililita 30 zinaingia chupa A, 15 chupa B. Zote zinafungwa kwa lakiri mbele ya macho yake, anaweka herufi zake juu ya lakiri, anatia sahihi kwenye fomu ya makabidhiano. Mkusanyaji akitoka na kikombe wazi kwenda chumba cha pili "kuchukua stika", sampuli hiyo imekufa kisheria, na rubani ana haki ya kuandika hivyo kwenye fomu palepale.

Kosa linalotokea sana mjini kwetu ni mkojo mwepesi. Joto linawafanya watu wanywe maji lita mbili tatu kabla ya saa sita mchana, na kreatinini ikishuka chini ya miligramu 20 kwa desilita maabara huandika kwamba sampuli imezimuliwa. Mwajiri akisoma neno hilo anadhani mtu kajaza maji kuficha. Dawa yake ni kuita watu mapema, mkojo wa kwanza wa asubuhi, na kurudia siku ileile badala ya kuanza kushtakiana.

Kuhusu idadi, FAA huwataka marubani wa HIMS wapimwe kwa kushtukizwa mara 14 au zaidi kwa mwaka. Ukipima EtG tu mara hizo 14, kila kimoja kikiona siku tatu, umeona siku 42. Zimebaki 323. Ndiyo sababu PEth kila wiki nne inasaidia, kwa kuwa inatazama nyuma wiki mbili hadi nne, ingawa bia moja inaweza kupita bila kuonekana. Wengine huongeza kipima pumzi cha mkononi chenye kamera kinachotuma picha na majibu mara tatu au nne kwa siku. Ni kizuri, mradi mtu asubiri dakika 15 baada ya kula, kunywa au kusukutua, na kifaa kirekebishwe kwa ratiba ya mtengenezaji.

Kushtukiza kuwe kweli kushtukiza. Ofisi nyingi hupanga Jumatatu kwa kuwa ndiyo siku ya mafaili. Baada ya miezi miwili rubani ameshajua, na aliye dhaifu amepata Jumatatu jioni yake. Kompyuta ichague tarehe, pamoja na Jumapili na sikukuu, na lazima siku moja au mbili baada ya likizo iwemo. Simu iwe fupi: "Kapteni, namba yako imetoka leo, uwe hapa kabla ya saa tano." Muda wa kufika uzingatie jiji lenyewe; anayetoka Bunju au Mbagala apewe muda wa saa nne, sio mbili, la sivyo utakuwa unapima foleni. Kutofika bila sababu iliyoandikwa kuhesabiwe kama kipimo kilichoshindwa.

Jibu la kwanza la chanya kutoka kwenye kijaribio cha haraka si hukumu. Rubani anasimama kuruka siku hiyo, hilo halina mjadala, lakini uamuzi unangoja uthibitisho wa mashine inayotenganisha molekuli, na chupa B ibaki kwa ajili yake. Daktari azungumze naye kabla ya bosi kuambiwa. Kodeini ya dawa ya kikohozi, kwa mfano, hutoka kama mofini.

Usiri ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Marubani wa Dar ni wachache, wamesoma pamoja, wanakutana pale pale Jengo la Kwanza la uwanja wa ndege wa JNIA kila asubuhi. Ukituma jina la mtu maabara, jioni limefika kwenye kundi la WhatsApp. Tumia namba badala ya jina. Mkuu wa marubani apewe maneno mawili tu, anafaa au hafai, na matokeo yenyewe yabaki kwa daktari wa anga. Naye mkuu wa marubani aandike ripoti yake kila mwezi: kuchelewa, kuomba kubadilishana zamu, hasira, uso, ubora wa kazi. Rubani mwenza anayemsindikiza aandike ya kwake kando. Ripoti zinazofanana neno kwa neno miezi sita mfululizo hazina thamani. Zinaonyesha mtu anakopi na kubadili tarehe. Ulaya, baada ya ajali ya Germanwings ya tarehe 24 Machi 2015, ambapo rubani msaidizi aliyekuwa mgonjwa wa akili aliiangusha ndege kwa makusudi, ilifanya mpango wa marubani kusaidiana kuwa sharti kwa mashirika ya ndege, na naona mwajiri yeyote mwenye marubani kumi anaweza kuanzisha wake bila kungoja kulazimishwa.

Kuanguka hutokea. Mkataba wa ufuatiliaji uandike mapema nini kitafuata, na utofautishe aliyepiga simu mwenyewe asubuhi yake na aliyenaswa na maabara. Wote wawili wanasimama kuruka na kurudi kwa daktari. Lakini aliyejisema akikuta adhabu ileile ya aliyeficha, mwaka ujao hakuna atakayejisema, na ndege itaruka na mtu mgonjwa.

Cheti chenye masharti kikitoka, bado kuna ndege yenyewe. Siku 90 bila kupaa na kutua mara tatu zinamtoa rubani kwenye sifa za kubeba abiria, na mara nyingi ukaguzi wa vifaa na wa ujuzi unakuwa umepita muda. Apangiwe simuleta au mkufunzi kabla ya safari ya kwanza. Aliyevuka miaka 40 na anayeruka peke yake na abiria, kama wengi wa ndege ndogo za Cessna Caravan, hupimwa afya kila miezi sita, basi ripoti za ufuatiliaji zikusanywe kulingana na tarehe hizo, daktari asikutane na pengo.

Ratiba ya miezi mitatu ya mwanzo ipangwe kwa mkono. Mpe Zanzibar, Pemba, Mafia, safari za kwenda na kurudi siku ileile. Asipangiwe kulala nje ya kituo peke yake. Ikibidi alale, alale na msindikizaji wake hoteli moja, na ofisi iwapigie hoteli mchana uleule friji ya chumbani iondolewe chupa kabla hajapewa ufunguo.